Juzuu, ujazo na nafasi: lugha ya kusimamia hifadhi katika kompyuta mwenyeji

Mtu anayefasiri mwongozo wa kusimamia seva hukutana mapema na neno la Kiingereza "volume", na kamusi humpa majibu manne kwa pamoja: juzuu, ikiwa habari ni ya kitabu; ujazo, ikiwa ni ya hesabu ya maumbo; kiasi, ikiwa ni ya wingi wa kitu; na sauti, ikiwa ni ya redio. Hakuna hata moja lililowekwa kwa ajili ya diski. Mfasiri mwenye haraka, au programu ya kufasiri isiyopewa muktadha, huweza basi kuandika kwamba "sauti imejaa kwa asilimia 90", na msimamizi wa mfumo aliyeamshwa usiku na ujumbe huo asijue kama apunguze redio au aokoe hifadhidata.

Kosa hilo huchekesha, kwa hiyo halidumu; msomaji wa kwanza hulikamata. Yanayodumu ni yale yasiyochekesha, ambamo kila neno ni Kiswahili safi na sentensi inasomeka vizuri, ila msomaji huelewa jambo jingine na kufuta kitu kisichofaa kufutwa. Makala haya yanaeleza jinsi hifadhi ya seva inavyogawanywa, inavyopimwa na inavyofuatiliwa, na katika kila hatua yanapima maneno yaliyopo: lipi linabeba maana yake bila kumwaga, na lipi linavuja.

Juzuu ina ujazo

Diski ni kifaa: kitu kinachoshikika, chenye uzito na namba ya kiwandani. Kile ambacho Kiingereza hukiita "volume" si kifaa. Ni fungu la hifadhi lililopewa jina, likawekewa mfumo wa faili, na kutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja. Diski moja inaweza kubeba mafungu kadhaa ya namna hiyo, na fungu moja linaweza kutandazwa juu ya diski nne au kumi bila mtumiaji kujua. Katika Linux, mfumo wa LVM hufanya kazi hiyo kwa ngazi tatu: diski au vigawanyo vyake huandikishwa kuwa malighafi, malighafi hukusanywa katika kundi moja, na kutoka katika kundi hilo hukatwa mafungu yenye ukubwa anaoutaka msimamizi. Fungu likikaribia kujaa huongezewa kutoka katika akiba ya kundi, mara nyingi bila kuzima huduma. Mfumo wa faili ulio juu yake nao hauna budi kupanuliwa. Anayesahau hatua hiyo ya pili huona fungu limekua huku nafasi ya kuandika faili ikibaki ileile.

Fungu hilo liitwe nani? Ujazo ndilo jibu la kwanza linalomjia aliyesoma hesabu, na ndilo lenye hasara kubwa kuliko yote. Ujazo ni kipimo. Neno limetokana na kitenzi kujaa, na mwanafunzi hulijua kama kiasi kinachoingia ndani ya debe au pipa. Fungu la hifadhi lina ujazo. Likiitwa ujazo lenyewe, mwandishi atajikuta akiandika "ujazo wa ujazo huu", au, akikwepa tanzi hilo, ataacha kutaja kipimo mahali ambapo kipimo ndicho kilichotakiwa.

Juzuu lina nguvu zaidi. Lilitoka katika Kiarabu, ambako maana yake ya msingi ni sehemu. Waislamu hulijua kwa zile juzuu 30 za Kurani, na wasomaji wa maktaba hulijua kwa kitabu kinachojitegemea ndani ya mfululizo. Juzuu ina jina au namba yake, ina mwanzo na mwisho, huweza kuhamishwa kutoka rafu hadi rafu peke yake, na bado ni sehemu ya kitu kikubwa kuliko yenyewe. Sifa hizo zote ni za fungu la hifadhi. Historia nayo inauunga mkono uteuzi huo. Kiingereza chenyewe kilichota neno lake katika vitabu: "volumen" ya Kilatini ilikuwa hati ya kuviringishwa. Kompyuta kubwa za IBM za familia ya System/360, zilizotangazwa mwaka 1964, ziliita kila gurudumu la tepu na kila pakiti ya diski kwa neno hilo, zikalipa kila moja utambulisho usiozidi herufi sita, na pakiti ya diski ilikuwa na jedwali la yaliyomo kama kitabu. Tepu iliyoviringwa kwenye gurudumu ilikuwa, kwa umbo lake, imeirudia ile hati ya kale. Anayeandika juzuu kwa hiyo hatungi sitiari mpya. Anairejesha ya zamani.

Kwa mgawanyo huo sentensi hukaa sawa: "Juzuu hii ina ujazo wa gigabaiti 500, na nafasi iliyobaki ni gigabaiti 60." Juzuu ni kitu, ujazo ni kipimo cha jumla, nafasi ni kile kilicho wazi ndani yake. Kuna pingamizi moja la haki, kwamba fundi asiyewahi kuliona neno hilo nje ya maktaba atashtuka. Huyo aandikiwe "fungu la hifadhi" pale mwanzo, kisha neno fupi liendelee. Kuhusu kizigeu, ambalo wengine hulitumia kwa kigawanyo cha diski, inatosha kusema kwamba kizigeu ni kile kinachotenga vyumba. Kuita chumba kwa jina la ukuta wake si msaada.

Uwezo ni neno jingine la kuangaliwa. "Seva imefikia uwezo wake" huweza kumaanisha kwamba kichakataji kimelemewa, kwamba mtandao umebanwa, au kwamba diski imejaa, na dawa ya kila moja ni tofauti. Hifadhi, kwa upande wake, ni neno pana linalotosha kwa jumla ya mambo, lakini mwandishi asiliache peke yake katika kichwa cha habari. Nchini Tanzania, "hifadhi imezidiwa" humpeleka msomaji kwenye tembo kabla hajafika kwenye kompyuta.

Mwenyeji na wageni wake

Mahali pamoja ambapo Kiswahili kilipata neno bila jasho ni mwenyeji. Kompyuta mwenyeji ni ile inayotoa makao: huduma, tovuti au mashine pepe hukaa ndani yake na kutumia vifaa vyake. Mashine pepe huitwa wageni. Mgeni hukaribishwa, huonyeshwa chumba, na huamini kwamba chumba ni chake. Haoni stoo ya mwenyeji wala hajui wageni wenzake ni wangapi.

Picha hiyo ina faida ya kueleza jambo ambalo wanafunzi wengi hulielewa kwa shida. Mwenyeji mara nyingi huahidi nafasi kuliko aliyonayo. Tuseme ana terabaiti 10 halisi na wageni 20, na kila mgeni ameambiwa kwamba juzuu yake ina ujazo wa terabaiti 1. Ahadi ni terabaiti 20. Mpango huu si udanganyifu. Wageni wengi hawatumii chote walichopewa, na kununua diski za kukaa tupu ni hasara. Lakini kila mgeni akifikisha gigabaiti 500, mwenyeji amekwisha kabisa. Wakati huo kila mgeni akijipima atasema amejaa kwa asilimia 50 tu, na hakuna hata mmoja atakayeweza kuandika faili mpya. Baadhi ya mifumo, KVM ikiwamo, huweza kumsimamisha mgeni palepale hadi nafasi ipatikane.

Kiingereza huuita utaratibu huu kwa neno la "wembamba", na tafsiri ya moja kwa moja, "ugawaji mwembamba", haimwambii msomaji wa Kiswahili chochote. "Ugawaji wa ahadi" hueleza kinachotokea, na hutoa jozi inayohitajika sana katika taarifa: nafasi iliyoahidiwa na nafasi iliyotumika. Mfasiri akiandika "iliyotolewa" kwa zote mbili, au akiandika "iliyogawiwa" mara kwa maana hii na mara kwa maana ile, msimamizi atahesabu vibaya. Hapo ndipo kanuni ya kupima kwa mwenyeji inapotoka: takwimu za mgeni humhusu mgeni, na swali la kama diski za kweli zinatosha huulizwa upande wa mwenyeji.

Jambo jingine dogo lenye madhara: mgeni akifuta faili, mwenyeji si lazima ajue. Vipande vilivyokuwa vya faili hiyo hubaki vimehesabiwa kuwa vimetumika mpaka mgeni atume taarifa kwamba havitaki tena, na taarifa hiyo hutumwa ikiwa tu imewezeshwa katika ngazi zote. Kwa hiyo kufuta na kurejesha nafasi ni vitendo viwili, na mwongozo unaosema "futa ili kurejesha nafasi" umeruka hatua.

Kupachika na kupachua

Juzuu iliyoundwa haitumiki mpaka iunganishwe na saraka fulani katika mti wa faili. Kwa kitendo hicho, kupachika ni neno ambalo mtu angeweza kudhani limetungwa na mafundi. Maana yake ya zamani ni kukiingiza kitu mahali pake kikae, kama mshale unavyopachikwa kwenye upote wa upinde. Na kinyume chake, kupachua, kimo tayari katika lugha. Kiingereza hutumia neno la kupanda kwa kitendo hiki. "Kupanda juzuu" au "kupandisha juzuu" hakuna sababu ya kuwapo.

Pachika lina faida nyingine: hukumbusha kwamba tundu lilikuwapo kabla ya kitu. Saraka inayopachikwa juzuu ni saraka ya kawaida iliyomo ndani ya juzuu ya mzizi. Upachikaji ukishindikana baada ya seva kuwashwa upya, saraka bado ipo, tupu, na inakubali kuandikwa. Programu ya kuchukua nakala rudufu, isiyojua lolote, itaendelea kumwaga faili zake humo, na zitaingia katika juzuu ya mzizi, ambayo kwa kawaida ni ndogo. Juzuu ya mzizi hujaa, seva huanza kukwama, na anayetafuta chanzo haoni kitu, kwa sababu pindi juzuu halisi inapopachikwa tena hufunika zile faili zilizoandikwa chini yake. Hazionekani, na zinakula nafasi. Hupatikana kwa kuipachua juzuu na kuchungulia tundu. Mwalimu anayetaka wanafunzi waone tofauti kati ya saraka na juzuu hatapata mfano bora.

Kumbukumbu na mizigo yake mitatu

Hakuna neno linaloleta hatari kubwa katika eneo hili kuliko kumbukumbu. Hutumiwa kwa kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ile inayopotea umeme ukikatika. Hutumiwa kwa hifadhi ya kudumu, hasa na watumiaji wa simu, ambao husema memori au kumbukumbu imejaa wakati kilichojaa ni mahali pa kuwekea picha. Tena hutumiwa kwa faili zinazoorodhesha matukio ya mfumo, kwa kufuata "kumbukumbu za mkutano". Mkanganyiko huo una mizizi ya kale, kwani hata kitenzi kuhifadhi hubeba mambo mawili: kuweka kitu salama, na kukitia moyoni, kama anayehifadhi Kurani.

Katika mazungumzo ya kila siku hakuna anayeumia. Katika mwongozo wa seva, sentensi kama "Ikiwa juzuu imejaa, futa kumbukumbu zisizohitajika" ni mtego. Kuna orodha za matukio ambazo kufutwa kwake hakumdhuru mtu isipokuwa mpelelezi wa makosa. Kuna nyingine ambazo ni uhai wa hifadhidata. PostgreSQL, kwa mfano, huandika kila badiliko kwanza katika faili maalumu kabla ya kuliingiza katika majedwali, ili seva ikizimika ghafla iweze kujirekebisha kutoka humo. Juzuu yenye faili hizo ikijaa, hifadhidata huweza kusimama. Kwa miaka mingi saraka yake iliitwa pg_xlog, na wasimamizi waliobanwa na nafasi waliona silabi ya mwisho, wakadhani ni orodha za matukio za kawaida, wakazifuta. Wengine waliharibu hifadhidata nzima. Katika toleo la 10, lililotoka mwaka 2017, waundaji waliibadilisha saraka hiyo jina ikawa pg_wal, na sababu mojawapo ilikuwa hiyohiyo. Wahandisi walikubali usumbufu wa kurekebisha programu nyingi zilizotegemea jina la zamani kwa ajili ya neno moja lililosomwa vibaya. Mfasiri anayeambiwa kwamba istilahi ni mapambo anaweza kuukumbuka uamuzi huo.

Kiswahili kina maneno ya kutosha kuutenganisha mzigo huu. Kumbukumbu ibaki na ile ya muda. Hifadhi iwe ya kudumu. Kwa orodha ya matukio kuna batli, kitabu ambacho manahodha waliandikia habari za safari siku kwa siku. Ni neno lililolala kidogo, lakini maana yake inalingana kabisa, kwa sababu batli husomwa baada ya ajali na haiendeshi chombo. Kwa zile faili za PostgreSQL na mifano yake, "daftari la miamala" linafaa, kwa kuwa kila aliyewahi kukopa dukani anajua kwamba daftari halichanwi kabla hesabu hazijafungwa. "Futa batli za zamani" na "usiguse daftari la miamala" ni sentensi mbili ambazo hata fundi mwenye usingizi hatazichanganya.

Kinachojaa na kinachojaza

Kitenzi kujaa kina sarufi yake, na Kiingereza hukivuruga. Chombo hujaa kitu moja kwa moja: mtungi umejaa maji, juzuu imejaa batli. "Imejaa na batli" ni mfuatano wa Kiingereza uliovalishwa kanzu. Lugha huruhusu pia kugeuza: maji yamejaa mtungini, batli zimejaa kwenye juzuu. Mwandishi akitaka kutaja mkosaji, atumie kujaza: "Batli za seva ya barua pepe zimeijaza juzuu." Kwa kadiri ya kujaa, "kwa" ndiyo kihusishi chake: imejaa kwa asilimia 85. Na ikiwa haina hata pa kupenyeza sindano, imejaa pomoni, ingawa neno hilo huenda likakaa vizuri zaidi katika simulizi kuliko katika taarifa ya kiufundi.

Kasoro iliyoenea ni kuacha kitenzi. "Juzuu: 90%" haisemi kama asilimia 90 imetumika au imebaki. Anayeandika "juzuu ina asilimia 90" amempa msomaji bahati nasibu. Kitenzi kimoja, imejaa au imebaki, humaliza shaka.

Hata namba yenyewe haijitoshelezi. Amri ya df katika Linux huonyesha jumla, iliyotumika, inayopatikana na asilimia, na mwanafunzi akifanya hesabu hugundua kwamba haziafikiani. Mfumo wa faili wa ext4, usipoelekezwa vingine, hutenga asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya msimamizi mkuu, ili juzuu ikijaa awe na pa kusimama wakati wa kusafisha. Kwa juzuu ya gigabaiti 100 iliyotumika gigabaiti 80, inayopatikana kwa watumiaji wa kawaida ni takriban gigabaiti 15. Asilimia hupatikana kwa kugawanya 80 kwa 95 na kupandisha hadi namba nzima, ndiyo maana df husema 85. "Iliyobaki" na "inayopatikana" si visawe hapa: iliyobaki ni 20, inayopatikana ni 15.

Wakati mwingine nafasi ipo na bado kuandika hukataliwa. Katika ext4 kila faili huhitaji inodi, yaani ingizo linalobeba habari zake, na idadi ya inodi huwekwa juzuu inapoundwa. Seva inayotunza mamilioni ya faili ndogondogo huweza kumaliza inodi huku nusu ya nafasi ikiwa wazi. Ujumbe wa kosa ni uleule wa nafasi kwisha, kwa hiyo tafsiri iliyo sahihi neno kwa neno bado itampotosha msomaji, na maelezo ya mwongozo hayana budi kumwelekeza kwenye df -i. Kinyume chake hutokea pia: faili imefutwa, haionekani popote, lakini nafasi haijarudi, kwa sababu programu fulani bado imeishikilia. Kufuta katika mifumo ya aina ya Unix ni kuondoa jina. Mwili wa faili huondoka pale mshikaji wa mwisho anapoachia. Amri ya du, inayojumlisha faili zenye majina, husema kidogo. Df, inayouliza mfumo wa faili, husema kingi. Zikitofautiana sana, dawa ya kawaida ni kuwasha upya programu iliyoishikilia faili.

Kibaba cha tele na cha mfuto

Diski iliyoandikwa terabaiti 1 kwenye boksi huonekana kuwa na 931 ikipachikwa katika kompyuta ya Windows, na mnunuzi hudhani ameibiwa. Hakuibiwa. Mtengenezaji huhesabu kwa elfu: terabaiti ni baiti 1,000,000,000,000. Windows huhesabu kwa 1,024 lakini huandika alama ileile. Mwaka 1998 Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, IEC, ilitoa majina ya kutenganisha vipimo hivyo: kibibaiti, mebibaiti, gibibaiti, tebibaiti kwa hesabu ya 1,024, na kuyaacha yale ya kilo, mega, giga na tera kwa hesabu ya elfu. Majina mapya yamekubalika katika vitabu kuliko katika vinywa vya watu. Amri ya df nayo huhifadhi mgawanyiko huo katika herufi moja: df -h huhesabu kwa 1,024 na df -H kwa 1,000.

Wafanyabiashara wa pwani waliujua ugomvi huu zamani. Nafaka ilipimwa kwa kibaba, vibaba vinne vikafanya pishi, lakini kabla ya bei mtu aliuliza kama kibaba ni cha tele, kilichorundikwa mpaka kikafanya kilima, au cha mfuto, kilichosawazishwa ukingoni. Jina lilikuwa moja na kiasi kilikuwa viwili. Tofauti kati ya gigabaiti na gibibaiti ni kama asilimia 7. Kati ya terabaiti na tebibaiti inakaribia asilimia 10. Kwa juzuu iliyowekewa kikomo cha kuonya kwenye asilimia 90, kosa la asilimia 10 ni lote lililobaki. Mfasiri hana ruhusa ya kubadilisha kipimo kwa sababu kimoja kinasikika kizuri. Aangalie chombo kinachotoa namba kinahesabu kwa tele au kwa mfuto, kisha aandike alama inayostahili.

Kuonya kabla ya kujaa

Kufuatilia ujazo ni kupima mara kwa mara, kutunza vipimo, na kumwita mtu kipimo kikivuka mahali fulani. Mahali hapo wengi huandika kizingiti, kwa kufuata Kiingereza. Lakini kizingiti katika Kiswahili kimekwishachukua maana ya kikwazo, na "juzuu imefika kwenye kizingiti" husomeka kana kwamba kuna kitu kimeizuia. "Kiwango cha tahadhari" na "kiwango cha hatari" hueleza ngazi mbili ambazo programu nyingi za ufuatiliaji huziweka. Onyo liepukwe kwa ngazi ya kwanza: katika ofisi, onyo ni barua anayopewa mtumishi aliyekosa, na juzuu haijakosa.

Asilimia peke yake ni shahidi dhaifu. Juzuu ya terabaiti 10 iliyojaa kwa asilimia 90 bado ina terabaiti 1. Ikikua gigabaiti 2 kwa siku, ina siku 500. Juzuu ya gigabaiti 40 iliyojaa kwa asilimia 70 tu ina gigabaiti 12. Ikikua gigabaiti 3 kwa siku, imebakiza siku 4. Mfumo unaoangalia asilimia utapiga kelele kwa ile ya kwanza na kunyamaza kwa ya pili. Ndiyo maana kasi ya kukua hupimwa sambamba na kujaa, na ndiyo maana taarifa iliyoandikwa vizuri hutaja siku. Afisa ununuzi anayejua kwamba diski mpya huchukua siku 45 kufika huelewa "itajaa baada ya siku 30" upesi kuliko asilimia yoyote.

Kwa kukusanya yaliyotangulia, ujumbe wa tahadhari ungeweza kuandikwa hivi: "Juzuu iliyopachikwa /data kwenye kompyuta mwenyeji imejaa kwa asilimia 92. Nafasi inayopatikana ni gibibaiti 38. Kwa kasi ya wiki hii, itajaa baada ya siku 6. Batli za zaidi ya siku 30 zinaweza kufutwa; daftari la miamala lisiguswe." Ni mrefu kuliko asili yake ya Kiingereza, ambayo pengine ingekuwa na maneno saba na namba moja. Urefu huo unalipiwa na kutohitaji kumpigia mtu simu kuuliza.

Umebaki muhuri wa wakati. Seva huandika saa kwa mzunguko wa 24, na nyingi huwekwa katika saa za dunia, ambazo ziko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Tukio lililoandikwa 23:00 kwenye batli hiyo lilitokea Nairobi au Dodoma saa 02:00, ambayo kwa kusema ni saa nane usiku. Mfasiri akiiandika "saa 2:00" bila neno la usiku wala eneo la saa, msomaji anaweza kuisoma saa mbili, usiku au asubuhi, na zote mbili ziko umbali wa saa sita na tukio lenyewe. Kwa juzuu inayojazwa na nakala rudufu za usiku, saa sita hizo ndizo zinazoamua kama fundi atatazama programu iliyokuwa ikiandika wakati ule au nyingine isiyohusika kabisa. Katika ujumbe wa mashine, tarakimu za mzunguko wa 24 zibaki kama zilivyo pamoja na eneo la saa; katika maelezo kwa binadamu, ziandikwe kwa maneno: saa nane usiku.